Jina Juu ya Kifuniko

Kwa miaka ishirini na miwili, Kimlang aliandika majina ya watu wengine. Meza yake ilikaa kushoto kwa mlango wa jumba la Wakfu, moshi wa ubani ukimpitia usoni tangu asubuhi, na wilaya nzima ilipita mbele yake ikija kutoa. Wa mashambani walileta mchele kwa ajili ya kaya zilizokumbwa na mafuriko. Wenye maduka walileta mablanketi, viti vya magurudumu, madaftari ya shule. Lakini wengi walikuja kwa ajili ya jeneza, jeneza la maiti asiye na ndugu, kwa kuwa kwetu hakuna sadaka safi kuliko ile ambayo anayepewa hawezi kukushukuru.

Kimlang aliandika jina la mtoaji kwenye karatasi mbili za rangi ya waridi. Moja mtoaji aliibandika kwa mkono wake kwenye kifuniko. Ya pili aliichoma chunguni, ili na mbinguni wasome. Baadaye mtu akiokotwa mtoni au relini, au akifa hospitali bila wa kumlilia, sisi wa kujitolea tulimzika ndani ya jeneza hilo, yeye na jina la mtu asiyemjua.

"Shangazi Kim," alisema muuza uji wa mchele asubuhi moja, "andika na jina la mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Amelala."

"Basi aamke aje atoe mwenyewe."

"Andika tu, shangazi. Wakimwita kutoka juu, angalau ataamka kwa hofu."

Kimlang aliandika. Hakucheka, ila kalamu ilitikisika kidogo, na kwake huko kulikuwa kucheka.

Kila mwaka naye alitoa jeneza moja. Hakuandika jina lake. Aliandika la Lamyai, mdogo wake, ili thawabu imfuate popote alipo.

Mji mzima ulijua kisa hicho. Mama yao alipokata roho, Lamyai alikuwa kwenye maonyesho ng'ambo ya mto na mwanamume mmoja mwenye pikipiki. Alirudi siku ya pili ya matanga, nywele zimejaa vumbi, akanyoosha mikono apewe vazi la gunia ambalo watoto wa marehemu huvaa. Kimlang alilishika lile gunia kifuani. "La kwako halipo," alisema, "mama alikuwa na binti mmoja." Lamyai alisimama langoni mpaka jua likahama upande wa pili wa barabara. Kisha akaondoka, na hakuonekana tena.

Tangu hapo, usiku, Kimlang alikuwa akisikia komeo la lango lake likiguswa. Halifunguliwi. Linaguswa tu, kama mtu anayetaka kujua kama bado ni lile lile.

Mwaka wa mafuriko makubwa, mto ulimleta mwanamke hadi chini ya daraja. Tulimlaza chumba cha nyuma, nyuma ya pazia. Da Hiang, aliyekuwa mkuu wa waosha maiti wanawake, mpana wa mabega na wa ulimi, alimfuata Kimlang mezani.

"Njoo umwangalie. Wewe unamjua kila mtu mji huu, hata wasiotaka kujulikana."

Kimlang alienda. Alirudi upesi, akachukua kalamu yake. "Si wa hapa," alisema.

Tukamweka yule mwanamke kwenye jeneza lililokuwa mbele ya mengine, tukamzika safu ya tatu.

Miaka sita ikapita, makaburi yakajaa. Kila yanapojaa, Wakfu hurusha vipande viwili vya mbao mbele ya madhabahu kuwauliza wafu wenyewe kama wako tayari kutoka. Na wakikubali, tunawafukua, tunaosha mifupa, wanawake kwao na wanaume kwao, tunabandika jani la dhahabu kwenye paji la uso, kisha tunawachoma pamoja katika mioto miwili. Aliye na ndugu huchukuliwa nao kabla ya moto, akachomwa peke yake na kupelekwa kwao. Baada ya moto hakuna wa kumtenga mtu na mwenzake.

Mbao zilikubali mara ya kwanza. Karani wetu Wichian akabandika orodha ukutani ili ndugu wasome. Wengi walikuwa "mwanaume, relini" au "mwanamke, hospitali". Safu ya tatu, wa tano, palikuwa na jina: Lamyai wa ukoo wa Ung.

Nilimwona Kimlang akilisoma. Aliweka kidole juu yake kama anayezuia mdudu asiruke.

Wichian alipoitwa alikuja mbio na daftari la mchimba kaburi, uso umemshuka. "Shangazi, ni kosa. Vijiti vya alama vilisombwa na maji, nikanakili daftarini. Na mchimba kaburi, masikini, aliandika jina aliloliona. La kwenye kifuniko." Akameza mate. "La mtoaji. Jeneza lilikuwa la kwako. Yaani, la dada. Nalifuta sasa hivi."

"Usifute."

"Lakini shangazi, aliyemo ndani ni yule wa mtoni. Si ulimwangalia mwenyewe ukasema si wa hapa?"

Kimlang alirudi mezani pake. Siku ya kufukua alikuja amevaa nyeupe, ameleta mswaki mpya wa kuoshea mifupa, akaketi kwenye jamvi la wanawake kando ya Da Hiang.

"Safu ya tatu, wa tano, niachieni mimi," alisema.

"Una mikono ya kalamu wewe," Da Hiang akamwambia. "Utamkwaruza mtu." Lakini akamsogezea beseni la maji ya majani ya chai.

Walimleta kwenye shuka. Kimlang alianza na miguu, mfupa mmoja mmoja, kama anayechambua kunde kwenye ungo. Sote tulijua anachokitafuta. Lamyai akiwa na miaka tisa alianguka ukutani pa hekalu akiiba machungwa ya sadaka, akavunjika mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa juu ya kifua, nao ukaunga vibaya, ukabaki na kifundo kama mbegu ya ukwaju. Da Hiang aliacha kusugua. Hata waliokuwa wakisimulia habari za wakwe waliinua shingo.

Mtulinga wa kushoto ulitoka majini. Kimlang aliupitishia dole gumba, toka begani hadi kifuani. Akarudia. Ulikuwa laini kote. Akaushika wa kulia, nao laini.

"Si yeye," alisema, na sauti haikuwa ya mtu aliyefarijika.

Da Hiang alimwinamia sikioni, nami nilikuwa karibu. "Kim, nisikilize. Sema ni yeye. Jina liko ukutani, nani atakubishia? Mchome peke yake, mvalie gunia, mtambikie. Ulale hata usiku mmoja, mwenzangu. Umekonda kama kijiti cha ubani."

Kimlang aliutazama mtulinga ule muda mrefu. Nadhani aliuona usingizi huo. Aliona lango lililonyamaza. Midomo yake ilifunguka, nikajua atasema ndiyo, na sote tungesema ndiyo pamoja naye.

"Nikimchoma huyu kwa jina la Lamyai," alisema, "Lamyai akija nitamwambia nini? Nimeshamfukuza mara moja."

Kisha akasema: "Siku ile sikumwangalia, Hiang. Niliona unyayo tu chini ya pazia. Niliogopa ni yeye, nikarudi."

"Najua," Da Hiang akasema. "Nilikuwa ndani. Pazia halikutikisika."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Na mimi nina watu wangu sitaki kuwaangalia."

Kimlang akamwita Wichian. "Futa." Karani alipokwisha kulifuta jina, Kimlang alilichukua fuvu la yule mwanamke kwa mikono miwili, akaligeuza limwelekee, akalitazama kwa muda aliopaswa kulitazama miaka sita nyuma. Akaliosha, akabandika jani la dhahabu, akambeba mwenyewe hadi kwenye rundo la wanawake. Moto ulipowashwa hakulia. Komeo la lango lake, alituambia, liliguswa alfajiri iliyofuata.

Meza ya kushoto sasa anaikalia mtu mwingine miezi ya baridi. Wakfu za mikoa mingine nazo hufungua makaburi yao msimu huo, na zote huhitaji mikono. Kimlang huwaandikia barua kuuliza tarehe, hupanda treni na nguo zake nyeupe, huketi kwenye jamvi la wanawake miongoni mwa wasiomjua. Ameshaosha katika miji tisa. Mwaka jana, huko kusini, nilikwenda naye. Mwosha mmoja mwenye maneno mengi akamuuliza, "Mama umetoka mbali hivi, una ndugu yako hapa?"

"Sijui bado," Kimlang alisema, akakausha mikono kwenye goti. "Nipe anayefuata."