Gaudensia na Redio ya Ndege ya Mzee Abdulnasser

Gaudensia Lugembe alipoteza jino lake la kwanza kwa ngumi ya mumewe katika mwaka wa pili wa ndoa, kisa mteja mmoja aliyechelewa kuondoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio. Mume aliitwa Ngassa, dereva wa malori ya tumbaku, mpole mbele ya majirani, mwingine kabisa akishafunga mlango. Mwaka wa tano alimpiga kwa mchi wa kinu mpaka taya likateguka, na kwa wiki tatu Gaudensia alikunywa uji kwa mrija. Mwaka wa saba alifunga nguo zake katika kanga mbili, akahamia chumba cha kupanga mtaa wa Kitete, mjini Tabora. Kibanda chake cha Isevya hakukiacha. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na ufundi ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

Aliupata kwa baba yake, aliyetunza simu na redio za reli katika stesheni ya Tura. Baadaye alisoma chuo cha ufundi, lakini mikono yake ilikuwa imeshajua kazi. Alitengeneza vipaza sauti vya misikiti na makanisa, na redio za mawasiliano za magari yanayoingia porini. Ndiyo maana Abdulnasser bin Ghalibu alimtafuta.

Mzee huyo alikuwa fundi wa ndege Dar es Salaam kwa miaka thelathini. Alipostaafu alirudi Tabora, na katika ua wa ghala la babu yake, lenye kuta nene za udongo zilizojengwa enzi za misafara ya pembe za ndovu, akaanza kuunda ndege yake mwenyewe, ya watu wawili, akiunga mabati yake ribiti kwa ribiti. Ilimchukua miaka sita. Injini aliijua kama kiganja chake, ila nyaya za redio zilimshinda, maana macho yalikuwa yameingia ukungu.

Siku ya kwanza tu walibishana. Mzee alikuwa amechora tundu la redio katikati ya dashibodi, karibu na dira. Gaudensia alimwambia sindano ya dira itavutwa na umeme wa redio, na rubani ataenda Nzega akidhani anaenda Igunga. Akakata dashibodi ya mfano kwa boksi, akaifunga mahali pake, akakaa kwenye kiti na mkanda kifuani, akajaribu kufikia kila kitufe bila kuinama. Redio ikahamia kulia. Chini yake kikakaa kifaa cha kuitambulisha ndege kwenye rada. Kwa nyuma alitengeneza mabano ya kuibeba redio, kwa sababu ni nzito na ndefu, na mtikisiko wa injini ungelipasua bati la alumini. Nyaya zote za kurudisha umeme alizileta kwenye boliti moja ili redio isivume. Mzee alimtazama kwa wiki mbili, kisha akaacha kubisha.

Ngassa alisikia kwamba mkewe anashinda ndani ya ua wa Mwarabu. Alikuja kibandani mara mbili. Mara ya kwanza alivunja dirisha, mara ya pili alimburuta Gaudensia kwa nywele hadi barabarani, watu wakamtenganisha. Alishtakiwa polisi, akaonywa, akaachiwa.

Alirudi Alhamisi moja ya mwezi wa nane, mchana. Mzee alikuwa ameelewana na watu wa mnara wa kuongozea ndege kwamba saa tisa watafanya jaribio la redio. Ndege ilikuwa katikati ya ua, antena ikitazama anga, betri imeunganishwa. Gaudensia alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya ndege, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, akimalizia kiungo kimoja kwa chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya.

Alisikia geti likisukumwa. Akamsikia mzee akiuliza, "Wewe ni nani?" Kisha mlio kama ubao unapasuliwa. Haukuwa ubao. Ngassa alikuwa amempiga mzee panga kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko.

Mikono ikamshika Gaudensia vifundo vya miguu na kumvuta. Bano la redio lilimchana sikio. Alipotoka nusu, na damu imemwingia jichoni, alikisukuma chuma cha moto juu kwa nguvu zake zote. Kilimwingia Ngassa shavuni, kikatoa harufu ya nyama. Ngassa alipiga yowe, akamwachia. Gaudensia alishika ukingo wa mlango ili ajiinue, na hapo panga likashuka. Lilikata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na kinachofuata, likazama kwenye bati.

Wakati Ngassa anahangaika kulinasua, Gaudensia alijitupa kitini na kufunga mlango. Mlango wenyewe ni plastiki nyembamba tu. Ngassa alisogeza uso karibu, shavu limeungua, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemfuata mkewe sokoni:

"Shuka, Gauda. Twende nyumbani."

Kisha akaanza kukata plastiki.

Gaudensia aliwasha redio, akabonyeza kitufe cha kuongelea kwenye usukani kwa mkono wa kushoto. Pale mnarani alikuwa zamu dada aitwaye Adelina, akingoja jaribio.

"Mnara wa Tabora, hili si jaribio. Mtu anatukata kwa panga. Ghala la Ghalibu, Isevya. Leteni polisi."

"Rudia, Isevya," Adelina alijibu.

"Anatukata. Ghala la Ghalibu."

Pigo lililofuata lilipita kwenye plastiki na kukata dashibodi tangu juu hadi katikati. La pili lilikata redio yenyewe, sauti ya Adelina ikafa.

Mzee Abdulnasser alikuwa amejiburuta hadi getini, mkono ukining'inia, akapiga kelele. Waendesha bodaboda wa njia panda waliingia kama kumi na tano. Walimkuta Ngassa na panga, na damu kila mahali. Tofali la kwanza lilimpata mgongoni, la pili usoni. Akaanguka, wakampiga kwa magongo, kwa minyororo, kwa helmeti zao. Mguu ulivunjika kwa sauti iliyosikika mpaka ndani ya ndege. Mmoja alileta tairi. Mwingine alikinga petroli ya pikipiki yake katika chupa ya maji, akammwagia.

Gaudensia aliyaona yote kupitia plastiki iliyokatwakatwa. Hakufungua mlango.

Kiberiti kilikuwa kimeshatolewa mfukoni polisi walipofika kwa gari lao la difenda na kupiga risasi mbili hewani. Ngassa alibebwa akiwa hai, jicho moja limekwisha.

Wote watatu walitibiwa hospitali ya Kitete. Vidole vya Gaudensia havikuweza kurudishwa, na mkono wa mzee ulipona bila nguvu ya kushika.

Kabla ya kesi, Kabula, mama yake Ngassa, alikuja chumbani kwa Gaudensia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Mama huyo alimwomba Gaudensia aseme mahakamani kwamba ndiye aliyeanza, kwa kumchoma mwanawe na chuma cha moto.

"Nitasema nilimchoma, mama," Gaudensia alijibu. "Na nitasema kwa nini."

Mahakamani alisema hivyohivyo. Wakili wa Ngassa akamuuliza kwa nini hakuwazuia watu walioleta petroli, ilhali alikuwa anaona. Gaudensia alimtazama Ngassa, aliyekaa na bandeji usoni, akajibu:

"Nilitaka aungue."

Baadaye askari mmoja alieleza kwamba taarifa ya kwanza ilitoka mnarani, na bila hiyo wasingefika kwa wakati. Gaudensia ndipo alipoelewa kwamba wito aliopiga ili aokoke ndio uliomwokoa Ngassa pia. Hakujua afurahi au asikitike, na mpaka leo ukimuuliza anakuambia hajui. Ngassa alifungwa miaka kumi na miwili. Nje ya mahakama Kabula alimpita Gaudensia bila salamu.

Ilimchukua Gaudensia miezi mitano kujifunza kushika chuma cha kuungia nyaya kwa vidole vitatu. Alikata dashibodi mpya, mzee akaagiza redio nyingine. Mkaguzi wa ndege alikuja, akavuta kila waya, akataka ndege ipimwe uzito upya, akaridhika. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata rubani wa kukodi aliirusha kutoka kiwanja cha ndege, akatua akisema redio inavuma kila anapoongeza mwendo. Gaudensia aligundua waya wa jenereta ya kuchaji betri umepita ubavuni mwa waya wa kipaza sauti. Akautenganisha, mvumo ukaisha.

Safari ya pili mzee alikaa kiti cha abiria, miaka sabini na miwili, mkono mmoja mapajani. Walipozunguka juu ya mji alitapika ndani ya kofia yake, akaomba warudie mzunguko.