Figa la Tatu

"Sasa nitapikia nini, shemeji? Nitapikia domo lako?"

Hedwiga alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, mikono kiunoni. Sauti yake iliwafikia mpaka wageni waliokuwa wakishuka mmoja mmoja kwa kushikana mikono. Mtungi wa gesi haukuwepo. Ulikuwa umeachwa kwenye sakafu ya stesheni ya Arusha ili viti vya kukunja vipate nafasi, na aliyeushusha ni Lerionka, kiongozi wa safari.

"Mama Violet, punguza sauti. Wageni wanasikia."

"Wasikie! Mchana watasikia na njaa pia. Nililalamika tangu juzi kwamba mizigo ni mingi, ukaniambia niachie wewe. Haya, nimekuachia. Gesi iko wapi?"

Lerionka akatazama reli kama vile gesi ingekuja kwa miguu.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja ya mjini ilikodi behewa la zamani la mbao, likafungwa nyuma ya treni, likavutwa kutoka Arusha, likapita Tengeru na Moshi mpaka huku Kahe. Likaachwa kwenye reli ya pembeni lingoje treni ya jioni. Ni tambarare ya jua kali na miti ya miiba, na hapo Wajerumani na Waingereza walipigana zaidi ya miaka mia iliyopita. Watu walikuwa wanalipa kuja kupaona. Hedwiga hakuwahi kuelewa mtu anatoaje hela yake kwenda kutazama mahali watu walipofia, lakini mshahara hauulizi maswali.

Wageni wa siku hiyo hawakuwa Wazungu. Walikuwa watu wa Arusha wenyewe, jamaa wa familia moja ya wafanyabiashara. Mkubwa wao alikuwa Mzee Rasik, aliyeuza vitambaa mjini maisha yake yote. Mguu wake ulikuwa umevimba na masikio yake yalikuwa yamechoka kusikiliza watu. Mkewe, Mama Nirmala, alimfuata nyuma na kofia, maji na dawa.

Hedwiga mwenyewe alikuwa Mmeru, mzaliwa wa Tengeru. Alimaliza darasa la saba, akakaa sokoni na mama yake kuuza ndizi, hadi alipoolewa na Parsimei, Mwarusha, dereva wa lori. Wakajenga nyumba mtaa wa Daraja Mbili, mjini, wakampata Violet. Kupika alijifunzia kwenye kambi za wapanda mlima, na aliweza kuivisha wali hata kwenye upepo unaong'oa hema. Kingine alichokuwa nacho ni ulimi. Wapagazi walikuwa wakisema chakula cha Mama Violet ni kitamu ila kachumbari yake ni mdomo.

Parsimei na Lerionka walikuwa rika moja. Walitahiriwa pamoja, wakakaa pamoja mpaka wakapona, na kwa Waarusha mtu wa rika lako hubaki ndugu yako hata mkikoseana. Parsimei alipofariki miaka miwili nyuma, watu walijaa. Akazikwa Terrat, shambani kwa baba yake. Walikuja hadi waliokuwa wanamdai. Lerionka hakuja. Hakumwaga mchanga, wala hakuleta ile kilo ya sukari ambayo jirani yeyote huileta msibani hata kama nyumbani kwake wanakunywa chai ya chumvi. Baadaye akawa anapita mbele ya geti la Hedwiga akiwa amezama kwenye simu. Kazini walikutana, maana kazi ni kazi. Hedwiga alimwita shemeji, lakini alilitema neno hilo kama mbegu ya limao.

Basi gesi haipo. Kuni zilikuwepo tele, ila mawe ya kutengeneza mafiga hayakuwepo. Kahe ni udongo mtupu. Kokoto za reli zipo, lakini kokoto haibebi sufuria ya watu kumi. Hedwiga akahangaika mpaka akapata mawe mawili kwenye msingi wa nyumba iliyobomoka.

"La tatu utalileta wewe," alimwambia Lerionka. "Na usiniletee maelezo. Niletee jiwe."

Lerionka akashuka kwenye korongo lililokauka. Akarudi amekumbatia kitu kirefu kilichoganda tope, anahema.

"Hilo nalo ni jiwe?"

"Chuma. Nimekichomoa kwenye ukingo. Nadhani ni kipande cha reli ya zamani. Kitavumilia moto kuliko hayo mawe yako."

Hedwiga akakigonga kwa mwiko, kikalia bubu. Akakiinua kidogo, akaona kizito kama mtoto wa nguruwe. Akachimba shimo kwa panga, akakisimamisha, akakishindilia udongo kwa kisigino, akapanga kuni. Moto ukashika vizuri. Sufuria ya pilau ikakaa wima, haikuyumba hata kidogo, na kimoyomoyo akakubali kwamba leo huyu mwanamume kafanya jambo moja la maana.

Kivuli cha maana kilikuwa kimoja tu, cha mgunga, na jiko lilikuwa hapohapo. Mzee Rasik akavuta kiti chake karibu na sufuria.

"Hapo moshi utakuumiza, Mzee."

"Harufu ya pilau ni dawa ya mguu, mama," alisema, akashusha kofia usoni.

Wageni wengine wakasimama upande wa pili wa mti, na Lerionka akaanza somo lake. Alikuwa na picha kubwa zilizofunikwa plastiki, akiziinua moja moja.

"Na hili ndilo kombora la mzinga. Tazameni, mbele limechongoka, na huku chini lina mshipi wa shaba. Mengine yalianguka kwenye tope yakagoma kulipuka."

Hedwiga aliinama kusogeza kijinga cha moto. Lile tope kwenye figa la tatu lilikuwa limekauka, linabanduka vipande vipande kama ukoko. Kipande kikubwa kikaanguka. Chini yake, karibu na majivu, palikuwa na mshipi mwekundu unaong'aa.

Akatazama picha mkononi mwa Lerionka. Akatazama jiko lake.

"Shemeji," aliita, taratibu.

Lerionka akanyamaza katikati ya neno. Tangu amfahamu, mwanamke huyu hakuwahi kumwita taratibu.

"Chuma chako kina mshipi."

Picha zikamponyoka. "Kimbieni! Nyuma ya tuta la reli! Acheni vitu, kimbieni!"

Wakakimbia. Tusimsingizie Lerionka, alikimbia huku akiwasukuma wageni mbele yake. Hedwiga naye alikimbia, kanga imefunguka, viatu kashika mkononi, hajui hata alivivua saa ngapi. Wakajitupa nyuma ya tuta, nyuso kwenye kokoto. Mama Nirmala akainua kichwa, akawatazama watu wake mmoja mmoja, akapiga kelele.

"Rasik! Rasik hayupo!"

Mzee alikuwa palepale kwenye kiti, kofia usoni, kalala. Mvuke wa pilau ulimpitia begani. Wakamwita wote kwa pamoja. Hakutikisika.

Hedwiga alimfikiria Violet, aliyekuwa chuoni na hana mzazi mwingine. Kisha akafikiria kisigino chake mwenyewe kikishindilia ule udongo. Akainuka.

Lerionka akamkamata kanga. "Usiende. Kaburi moja kwenye familia yako linatosha."

"Kaburi? Wewe unajua nini kuhusu kaburi? Hulijui hata limeelekea upande gani!"

Akajichomoa, akaenda. Hakukimbia, maana aliona kama mshindo wa miguu utakiamsha kile kitu. Moto ulikuwa umepamba, unakilamba kile chuma mpaka shingoni. Alipofika kwenye kiti aliona mikono mingine imeshika upande wa pili. Lerionka, jasho linamchuruzika hadi kidevuni.

"Nyanyua," alisema Hedwiga. "Na kiti chake."

Mzee Rasik akafumbua macho akiwa hewani. "Chakula tayari?"

"Bado, Mzee. Tunakuhamishia mezani."

Kuni ikalia pwaa! Wote wawili wakapiga magoti, lakini kiti hakikuanguka. Wakanyanyua tena. Lile tuta la reli lililokuwa karibu walipokimbia, sasa lilikuwa mbali kama Mlima Meru. Walipolivuka Mama Nirmala alimvuta mumewe shati, akamkumbatia huku akimgombeza.

Lerionka akapiga simu. Akaambiwa asisogee mtu, wanajeshi wanakuja. Wakalala kifudifudi, wakasubiri. Harufu ya pilau ikageuka harufu ya kuungua, na Hedwiga, mpishi wa miaka yote hiyo, akaomba Mungu iungue mpaka mwisho na kuni ziishe.

"Nilifika siku ile ya mazishi," Lerionka alisema, mdomo karibu na kokoto. "Nilitoka porini na wageni, nimechelewa. Nikafika getini kwako nikakuta maturubai yameshushwa. Mkononi sina kitu. Nikasema nitarudi kesho na sukari. Kesho nikaona aibu ya jana. Halafu ikawa aibu juu ya aibu."

Hedwiga aligeuza uso upande wa jiko. Alikuwa anatazama moshi.

Kuni zilikwisha, moto ukafa wenyewe. Wanajeshi walipofika walikaa pale muda mrefu, wakakitoa kile kitu kama wanaotoa yai chini ya kuku. Mkubwa wao akasema bado kilikuwa na baruti yake ndani. Akauliza nani amekiweka jikoni.

Lerionka alifungua mdomo, lakini Hedwiga akamtangulia. "Tumekiweka wawili. Yeye kaleta, mimi nimepanga."

Jioni wakarudi kwa treni, wageni wanakula mikate na matango. Mzee Rasik aliulizia pilau yake mpaka Arusha.

Jumamosi iliyofuata, Hedwiga akifua nguo uani, akasikia hodi. Lerionka alikuwa getini, safari hii hana simu mkononi. Mkono mmoja alishika mfuko wa sukari, na mwingine jani la isale, lile ambalo Wameru hulipanda mipakani, na ukiletewa na aliyekukosea huna ruhusa ya kumfukuza. Yeye Mwarusha, jani la Kimeru kalitoa wapi? Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa Tengeru.

Hedwiga alikuwa na maneno aliyoyatunza miaka miwili, mengine ameyanoa mpaka yanakata. Akatazama lile jani. Akayaacha yote.

"Pole na msiba, shemeji," alisema Lerionka. "Pole na Parsimei."

"Nimeshapoa," alijibu Hedwiga, ingawa macho yalisema lingine. Akapokea jani. Akapokea sukari, akaipima kwa mkono. "Hii ni kilo kweli?"

"Kilo na robo. Robo ni ya kuchelewa."

"Ingia basi, usinisimamie getini kama mdai. Kesho baada ya ibada utanisindikiza Terrat, ukalione kaburi limeelekea wapi."

Lerionka akaingia, akachungulia jikoni kwa woga. "Unapikia nini?"

"Gesi. Mafiga nimekuachia wewe."

Akafungua ule mfuko kwa meno, akaitia sukari kwenye birika la chai, akakoroga.