Nyambura Wawili na Fomu Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sanduku la vikopo vitupu na amri ya kutorudi na mate ndani yake. Aliyetoa amri hiyo ni Metroni, mkuu wa wauguzi wa kituo chetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu. Sare yangu ilikuwa na wanga mpaka inakwaruza shingo, na nilidhani nitapewa wadi.

"Mate ni ya mdomo," Metroni aliniambia. "Makohozi yanatoka kifuani. Ukiniletea mate, utarudi huko kwa miguu kuchukua mengine."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kifua kikuu miaka ile ya mwanzo ya uhuru, huku kwetu Kieni, mbele kidogo ya Chaka. Mgonjwa alitakiwa akohoe asubuhi kabla hajala, atoe kile kizito cha ndani kabisa. Kikopo kilifungwa, kikaandikwa jina, kikapelekwa maabara. Huko makohozi yalipakwa kwenye kipande cha kioo na kutazamwa kwa darubini. Ukisoma hivyo unaona ni jambo rahisi. Hebu jaribu kumweleza mzee wa heshima, kwenye baridi ya alfajiri, kwamba unataka akohoe mbele yako, wewe msichana wa umri wa mjukuu wake. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, alinitazama, akatema mate kidogo kifuani mwake kama wazee wetu wanavyobariki, akaniombea nipate mume na watoto, kisha akanirudishia kikopo kikavu. Siku ile nilipeleka vikopo kumi na vinane, na kumi na vitano vilikuwa mate. Nilirudi kwa miguu.

Baada ya mwaka mmoja alikuja Daktari Mkuu wa Utafiti. Alikuwa kijana, ametoka masomoni ng'ambo, tai shingoni hata kwenye matope ya Aprili. Utafiti wake ulikuwa wa kulinganisha namna mbili za kutumia dawa, ili ijulikane ipi inaponya watu wa huku. Nataka nieleweke: mimi sina ugomvi na utafiti. Bila utafiti tungali tunalaza watu vitandani miezi na miezi tukiwapa maziwa na kuwaombea. Ugomvi wangu ni na fomu.

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya jina la baba, umri na kijiji. Basi. Ilikuwa fomu hiyo hiyo Nyeri, Murang'a na Nanyuki, na nilisikia hata Pwani na ziwani waliletewa hiyo hiyo. Aliyeichora, popote alipokuwa, alikuwa na hakika kwamba baba mmoja hawezi kuwa na watoto wawili wenye jina moja.

Sasa njoo kwa Mzee Kariuki. Alikuwa na wake wawili, Wangari na Muthoni. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na kila mke ana haki hiyo nyumbani mwake. Mama yake Kariuki aliitwa Nyambura. Kwa hiyo Wangari alizaa Nyambura wa Kariuki, na Muthoni naye, msimu ule ule wa mvua, akazaa Nyambura wa Kariuki. Pale bomani hakuna aliyechanganyikiwa. Mmoja aliitwa Nyambura wa Wangari na mwenzake Nyambura wa Muthoni, na hata mbwa walijua nani anaitwa.

Nilipofika huko wasichana walikuwa na miaka kumi na sita hivi, wote wawili wanakohoa. Nilichukua makohozi ya kila mmoja, nikajaza fomu mbili, na pembeni, kwenye ile nafasi nyeupe, nikaandika kwa herufi ndogo: wa Wangari, wa Muthoni. Nilijiona mwerevu.

Daktari alipozikagua fomu alizichomoa hizo mbili akanitupia mezani.

"Sista, huyu umemwandika mara mbili."

"Hapana, Daktari. Ni wasichana wawili."

"Jina moja, baba mmoja, umri mmoja, kijiji kimoja. Hata kama ni pacha, pacha wanapewa majina tofauti."

"Si pacha. Mama zao ni tofauti. Nimeandika hapo pembeni."

"Pembeni hapasomwi na mtu," alisema. "Nataka karatasi safi. Hizi zote zilizochafuliwa uziandike upya."

Nilimwendea Metroni nikidhani atanitetea. Alivua miwani, akaipangusa. "Wewe Wairimu, andika vile unaambiwa," alisema. "Akienda zake tutarekebisha." Nikakaa chini nikaandika upya, pembeni peupe kama shuka ya hospitali. Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na aliyevunjika ni mtoto wa watu.

Daktari alifuta fomu moja, akaunganisha vikopo viwili chini ya nambari moja, akaondoka na gari lake. Hatukurekebisha chochote. Siku zilipita, majibu yakarudi kutoka Nairobi: Nyambura Kariuki ana wadudu wa kifua kikuu. Nilimtuma mtu wa chifu kwa mdomo, amwite Nyambura wa Kariuki aje kituoni. Msichana akaja kesho yake, mashavu yamejaa, kikohozi kimebaki kidogo tu. Nilimtazama nikashuku. Nilikuwa nimepita maboma mengi, sura zimechanganyika, na pembeni palikuwa peupe. Nilimwambia Metroni huyu haonekani mgonjwa.

"Karatasi inasema ni yeye," Metroni alijibu. "Ama unajua kushinda darubini?"

Kuuliza si ujinga, na mimi niliuliza. Ila nilimuuliza Metroni. Yule msichana aliyekaa mbele yangu sikumuuliza neno.

Tiba ya siku zile ilianza na sindano ya streptomaisini kila siku, Jumapili pia, kisha tembe kwa mwaka mzima na zaidi. Sindano hiyo inauma, na ina tabia ya kwenda masikioni: ikimkataa mtu inamletea kizunguzungu, halafu inamwibia kusikia. Nyambura alikuja kila asubuhi bila kukosa, akitembea kutoka kwao na kurudi. Sijawahi kupata mgonjwa mtiifu kama yule. Wiki ya sita alianza kushika ukuta akitembea.

"Sista, masikio inalia," aliniambia. "Ata nikilala inalia tu."

Nilisimamisha sindano siku hiyo. Na siku hiyo hiyo, Mungu anajua kupanga mambo yake, aliingia msichana mwingine, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu, leso yake ina damu. Alikuwa ametoka Kiriaini, alikokwenda kumsaidia shangazi yake kuchuma chai. Nilimuuliza jina. Akasema Nyambura wa Kariuki. Yule wa kwanza, aliyekuwa bado ameegemea ukuta, akageuka akamkumbatia dada yake.

Nilikwenda chooni nikalia. Kisha nikanawa uso nikaandika barua kwa Daktari.

Alikuja baada ya siku nne, na sikutegemea alichosema. Alisema Nyambura Kariuki tayari yumo katika utafiti na dawa zake zimeshatoka. Hawezi kumtolea mtu mmoja dawa mara mbili. Nilimwonyesha wasichana wawili. Alionyesha mstari mmoja wa daftari lake. Nilipandisha sauti, Metroni akanikanyaga mguu chini ya meza.

Daktari alipoondoka, Metroni alifikiri kidogo. "Basi tumwandike mgonjwa mpya," alisema. "Nyambura Wangari. Jina la mama. Hakuna mtu kama huyo kwa karatasi zao, kwa hiyo watatoa dawa."

Ilikuwa akili nzuri. Lakini msichana alikuwa chini ya baba yake, na baba alitakiwa kuweka kidole gumba kwenye fomu. Mzee Kariuki alifika na kofia yake ya ngozi na fimbo, nikamweleza. Aliinuka kabla sijamaliza.

"Wewe Sista, mimi niko na ng'ombe, niko na shamba, niko na bibi wawili nililipia mahari. Sasa unataka kuandika mtoto yangu ati hana baba?"

"Mzee, hata kwako nyumbani anaitwa Nyambura wa Wangari."

"Hiyo ni ya nyumbani. Hii ni karatasi ya serikali. Mtoto akiandikwa jina ya mama, watu watasema alizaliwa huko kwao bila bwana. Nani atamuoa?"

Akaenda zake. Alikaa siku kumi na mbili. Nilipanda kule kwake mara tatu. Mara ya kwanza alinipa uji, mara ya pili alinipa uji, mara ya tatu alijificha zizini nikaona fimbo yake tu juu ya ukuta. Dawa ilikuwa kabatini kwetu, haitoki bila fomu, msichana alikuwa anatema damu kilima cha pili, na kati yao palikuwa na neno moja la kuandika. Nakwambia, hasira niliyokuwa nayo siku zile sijaimaliza mpaka leo. Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia Daktari, na usiku nikajikasirikia mwenyewe.

Siku ya kumi na mbili alirudi, binti yake akiwa amepakiwa kwenye baiskeli. Mzee bado alikuwa na maneno ya kusema, kuhusu ukoo na heshima. Nyambura ndiye aliyemkatiza, akihema kati ya kila neno.

"Baba, wacha waniandike. Ata wakiandika jina ya mbuzi. Mimi nataka kupona."

Mzee alivua kofia. Kisha akasema, "Andika," akanyoosha kidole kwenye wino.

Nyambura Wangari alipona, ingawa pafu moja lilibaki limeharibika na hakuweza tena kupanda mlima na mzigo. Aliolewa pia, kwa taarifa ya baba yake. Kuhusu yule mwingine, Metroni alinishauri, na nikakubali, kuiambia familia kwamba zile sindano zilikuwa za kumkinga. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na nusu. Ripoti ya Daktari ilipotoka alitutumia nakala, na nikatafuta mstari wetu kwa kidole: Nyambura Kariuki, alimaliza sindano, makohozi safi, amepona. Makohozi yake yangekosaje kuwa safi? Nilimwandikia tena. Alijibu kwa sentensi moja kwamba karatasi zimeshafungwa.

Baadaye nilihamishiwa Nanyuki, chini ya Afisa wa Afya mpole aliyependa chai kuliko ugomvi. Huko nikakuta wafanyabiashara wa mifugo Waislamu, mjini tu akina Mohamed Abdi saba, na fomu ni ile ile. Mwezi wa Ramadhani waligoma kumeza tembe mchana, na mtafiti mmoja akawaandika "wakaidi". Nilimwomba shehe msaada, tukahamishia tembe baada ya kufuturu, na wale wakaidi hawakukosa hata moja. Kwa kila jina niliandika jina la mama pembeni. Nilikaripiwa na wakubwa watatu mfululizo na sikufuta hata herufi.

Nilistaafu na blanketi, saa ya ukutani na hotuba iliyotaja jina langu vibaya. Majuzi binti mmoja mwenye adabu alikuja kwangu na simu kubwa, anafanya utafiti wa presha. Wanangu wawili kila mmoja amemwita binti yake jina langu kamili, na wote tunaishi ua mmoja. Aliandika wa kwanza, akakwama kwa wa pili, akaniita kama wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi yao.

"Cucu, system inakataa. Inasema huyu ako ndani tayari."

Nilimuuliza pembeni ya hiyo simu ni wapi. Hakunielewa. Nilimzuia hapo mpaka chai ikaisha na akampigia simu mkubwa wake, na sijui kama walirekebisha.

Jambo hilo ndilo lililonipeleka Chaka wiki iliyofuata. Nyambura wa Muthoni anauza vitunguu pale sokoni, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Nilikuwa nimenunua vitunguu kwake miaka yote hiyo na sikuwahi kusema. Niliketi mbele yake ili auone mdomo wangu.

"Nyambura, zile sindano hazikuwa za kukinga. Hazikuwa zako. Nilikosea, halafu nikakudanganya."

"Najua, Sista," alisema, akiendelea kuchambua vitunguu.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Mimi sikuwa na kifua. Ilikuwa homa tu, na moshi ya jikoni. Mwenye alikuwa anatoa damu ni yule wa kwa Wangari."

"Sasa mbona ulikuja? Wiki sita, kila siku! Mbona hukusema?"

Aliweka kitunguu chini akanitazama, kwa mara ya kwanza kama mtu aliyeudhika.

"Sista, si wewe ndiye uliita Nyambura wa Kariuki? Nilikuwa niko nyumbani. Nikaitika."

Kisha akanigeuzia sikio la kulia, lile linalosikia kidogo, akingoja nitakachosema.