Maua ya Mafia Ndani ya Kitabu cha Nyimbo

Nilirudi nyumbani Kihesa kutoka kisiwa cha Mafia na maua ya porini niliyoyakausha ndani ya magazeti kwa utafiti wangu wa mimea, mengi nikiwa bado sijayatambua majina. Kesho yake asubuhi nilimkuta mama akiwasha jiko la mkaa kwa magazeti yaleyale.

“Mama, maua yangu yako wapi?”

“Nimekutunzia, mwanangu. Ningechomaje maua?”

Akanifungulia kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Yote yalikuwa mazima, yenye petali tano kurasa za mbele, yenye petali tatu kurasa za nyuma.

“Nimeweka ndugu na ndugu,” alisema.

Nasi watafiti wa mimea huanza kuyapanga kwa kuhesabu petali vivyo hivyo, na mama alikuwa amekosea mawili tu. Nilikaa kwenye kigoda, nikashusha pumzi, nikacheka hadi machozi yakanitoka.