Siku Niliyolifelisha Darasa la Nne

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi hapa Iringa mjini. Juzi, kwenye kikao cha wazazi, nilisoma alama za hisabati za darasa la nne kutoka orodha iliyochapwa asubuhi hiyo: kumi, tisa, kumi na moja. Kati ya hamsini! Nikawalaumu wazazi waliohamia kutoka kijiji cha Idodi, kwamba watoto wao wanatushusha.

Mama mmoja wa Idodi akanyanyuka taratibu. "Samahani, mwalimu. Mapacha wangu wote umewasomea kumi. Si ndiyo miaka yao?"

Nikatazama kichwa cha safu niliyokuwa nikiisoma. Iliandikwa "Umri". Alama zilikuwa safu ya pembeni, na mapacha wake walikuwa wa kwanza na wa pili.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini nilishusha pumzi. Darasa langu lilikuwa limefaulu. Aliyefeli ni mimi.