Kopo la Uji na Mayai ya Pasaka

Fundi alikuwa mtu wa sindano, si wa mwiko. Magauni ya harusi, sare za shule, mashuka ya zahanati, vyote vilipita kwenye cherehani yake pale dirishani, na majirani walizoea kuona ana pini mdomoni hata akisalimia. Jikoni ndiko alikokuwa mgeni. Mwenye mkono wa mapishi alikuwa mdogo wake, ambaye Mungu alimchukua mwaka uliopita, akamwachia dada yake binti wa darasa la kwanza na onyo moja: mtoto huyu na karanga, mbali mbali. Punje moja tu ilishawahi kumvimbisha koo hadi sauti ikakatika.

Tangu mtoto aingie nyumba ile, karanga zilipigwa marufuku. Wageni walikaguliwa mifuko mlangoni. Walicheka, lakini walikaguliwa.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Fundi alifunika cherehani, akajifunga kibwebwe. Kila Pasaka marehemu alikuwa akitengeneza mayai ya chokoleti yasiyookwa. Unaponda biskuti, unachanganya na siagi iliyoyeyushwa, maziwa mazito ya kopo na kakao, unafinyanga, unaviringisha kwenye kakao kavu, kisha unayaacha yagande kwenye friji. Mtoto alikuwa ameuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama na mwaka huu yatakuwepo. Fundi hakuwa na moyo wa kusema hapana.

Wifi yake, mke wa kaka yake wa nyumba ya pili, alikuja kusaidia. Alikuja na mikono na mdomo pia.

"Wifi, hilo ni yai au kidole gumba?"

"Finyanga lako, niachie kidole changu."

"Na hiyo futi ya kushonea unampimia nani? Utayatia na vifungo?"

Mtoto akaangua kicheko. Tangu msiba hakuwa amecheka kwa kelele namna ile. Fundi akageukia ukutani, akajipangusa macho kwa kiwiko.

Mtoto aliposogeza kidole kwenye bakuli, Fundi alimzuia. "Hapana, mwanangu. Haya ni ya kesho, baada ya sala. Anayeonja leo anamkosea Mungu." Alisema hivyo kwa sababu alitaka kumlea katika imani, kama alivyolelewa mwenyewe.

Mayai yalipofinyangwa yote, kakao ikaisha. Wifi akakimbia kwake, akarudi na kopo. Wakaviringisha haraka haraka, wakayapanga kwenye sinia. Nyumba nzima ilikuwa inanukia chokoleti, na pua zao hazikusikia harufu nyingine.

Walikuwa wanafuta meza wakati kaka mtu alipoita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mke wangu! Kopo langu la uji umelipeleka wapi?"

Wifi akasimama na kitambaa mkononi. Kwake, hakuna kopo lililobeba kilichoandikwa juu yake. Chumvi ilikaa kwenye kopo la maziwa, na kakao ilikaa kwenye kopo la majani ya chai. Lile lililoandikwa kakao lilikuwa la uji wa mumewe, kakao iliyochanganywa na unga wa karanga. Miaka yote hakuwahi kukosea. Leo, kwa haraka, alikuwa ameamini maandishi.

"Wifi," alisema, akionyesha mayai. "Mna karanga humo."

Fundi alitazama sinia. Kwenye kona kulikuwa na nafasi tupu.

"Mtoto yuko wapi?"

Walimkuta chumbani, mbele ya picha ya mama yake. Yai lilikuwa limewekwa chini ya picha, zima. Fundi alitaka kushukuru, lakini macho yake yalikwishakwenda kwenye nguo, kama yalivyozoea. Kwenye mkono wa gauni jipya la Pasaka, gauni aliloshona mwenyewe, palikuwa na alama ya kahawia, kama ya kufutia mdomo. Midomo ya mtoto ilikuwa safi mno.

"Umekula?"

"Hapana, Mama Mkubwa."

"Niambie kweli."

"Sijaonja." Mtoto akarudi nyuma hadi ukutani. Shingoni mwake wekundu ulianza kupanda.

Ndipo Fundi alipoelewa mtoto alikuwa akiogopa nini. Akapiga magoti.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema vibaya. Mungu hajakasirika na wewe, hata kidogo. Ukiniambia ukweli nitakupa dawa, basi."

Machozi yakamtoka mtoto. "Nililamba. Mama alikuwa ananionjesha mimi kwanza. Nilitaka kujua kama ni lile lile." Akajishika koo. "Linawasha."

Fundi alimnywesha dawa iliyokaa siku zote kwenye droo ya cherehani. Kaka akawasha pikipiki, wakamweka katikati. Njia nzima Fundi aliweka sikio mgongoni mwa mtoto. Pumzi ilikuwa inapiga filimbi. Alitaka kusali akakosa maneno, akabaki kusema, "Bwana, huyu usimchukue."

Zahanatini, muuguzi hakuuliza mengi. Alichoma sindano pajani, akawaambia wakae hapo hapo. Fundi akakaa kwenye benchi, mtoto kifuani, akifuata kila pumzi kama mtu anayefuata mshono kwenye kitambaa cheusi. Filimbi ikapungua. Ikapungua tena. Wekundu ukaanza kushuka.

Wifi alifika analia, kanga imemkaa upande. "Nisamehe, wifi yangu. Nimekaribia kuua."

"Wewe ulikosea kopo," Fundi alisema. "Mimi nilimfundisha kuficha. Kaa hapa tushukuru."

Mtoto akainua kichwa, sauti ikikwaruza. "Mama Mkubwa, halikuwa lile lile."

"Lilikuwa na karanga, mwanangu."

"Siyo hiyo. La Mama lilikuwa na chumvi kidogo."

Wifi akacheka na kulia kwa pamoja.

Jioni muuguzi aliporidhika, walirudi. Sinia lote likamwagwa, bakuli na meza vikasuguliwa kwa maji ya moto, na Fundi mwenyewe akafungua pakiti mpya ya kakao waliyonunua njiani. Kabla ya kufinyanga, alitia chumvi kwenye mchanganyiko kwa ncha za vidole, akachota kwenye kijiko, akampelekea mtoto kitandani.

"Lakini sala ni kesho," mtoto alisema.

"Onja, mama."

Akaonja, akafumba macho, akafikiri.

"Bado."

Fundi akarudi jikoni kuongeza chumvi.