Dalia ya Jantien

Roelof Hoving aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na minne bila kugonga hata mbwa, lakini ukimuudhi alikuwa hashikiki. Kijiji kizima kilijua, na marehemu mkewe, Jantien, alijua kuliko wote.

Jantien alimwachia ua. Alilipata mwenyewe kwa kuotesha mbegu: dalia ya rangi ya chai ya maziwa. Hapakuwa na bustani duniani yenye ua hilo isipokuwa yao na ya jirani yao, Geert Oosting. Kwa Geert lilifika kwa desturi. Jani la dalia likishababuliwa na baridi ya kwanza, viazi vyake, yaani mizizi minene inayochipua upya, huchimbuliwa, hupinduliwa maji yatoke kwenye mashina, kisha hulazwa katika mchanga mkavu kwenye ghala la chini ya nyumba mpaka Mei. Na ua lisilouzwa dukani, nusu yake huwekwa na kupandwa kwa jirani, kwa sababu ghala moja si la kuamini. Huku Drenthe, Uholanzi, hata wasiosalimiana huwekeana viazi.

Basi Septemba ile, asubuhi ya maandamano ya magari ya maua, ambapo makundi hushindana kwa masanamu yaliyofunikwa dalia, kundi la Geert likapungukiwa maua. Geert akakimbilia bustanini kwake mwenyewe, akakata dalia zote za Jantien, wakazibandika kwenye matako ya farasi wao mkubwa wa maua.

"Umemweka mke wangu matakoni mwa farasi," Roelof alimwambia.

"Nimeweka maua, bwana. Jantien mwenyewe angecheka mpaka akae chini."

"Usimtaje. Ukishachimbua nataka viazi vyangu vyote. Hata kimoja usibakize."

Kwamba Jantien angecheka ilikuwa kweli, na hicho ndicho kilichomchoma. Novemba Geert alileta kreti kwa toroli, akaliweka mlangoni, akaondoka; Roelof akaliteremsha ghalani kando ya viazi vyake.

Januari Roelof aliona ukungu juu ya mchanga, akafungua kidirisha cha ghala hewa ipite, kama ifanywavyo siku isiyo na baridi kali. Mchana huohuo dada yake akaanguka huko Assen, akavunjika nyonga. Roelof akaondoka mbio, akakaa siku sita. Siku ya pili upepo ukageuka ukaanza kuvuma kutoka mashariki, na mitaro yote ikaganda. Akakumbuka kidirisha. Kumpigia Geert simu akakifunge ilikuwa kazi ya dakika mbili. Aliishika simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Ujinga wa namna hii hauna dawa, na mimi sitamtetea.

Aliporudi, viazi vilikuwa vimelainika kama vitunguu vilivyochemshwa, na vilinuka. Kimoja tu kilikuwa kigumu. Kilikuwa kimevunjika shingoni, pale jicho linapokaa, na pasipo jicho kiazi hutoa mizizi na kunenepa lakini hakichipui kamwe. Roelof alijua hivyo kwa kukipapasa tu. Hata hivyo alikipanda kwenye chungu kando ya jiko, akakinyunyizia maji wiki kumi na mbili, kila asubuhi akiinama kutazama udongo mtupu.

Mei akavuka uzio. Geert alikuwa anatifua udongo.

"Geert, vyangu vimekufa vyote," alisema. "Nimekuja kukuomba. Kama ulibakiza hata kimoja, sitakuuliza kitu."

Geert akachomeka jembe ardhini. "Nilibakiza viwili. Vizuri, vyenye macho. Nilijua hasira zako, nikasema atakuja siku moja, huyu."

Roelof akashika uzio. "Viko wapi?"

"Nilishindwa, ndugu yangu. Ulisema hata kimoja. Kila nikishuka ghalani vinanitazama, najiona mwizi, mwizi wa vitu vya Jantien." Geert akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Wiki ya Krismasi ulipokwenda kanisani, nilishuka ghalani kwako nikavirudisha kwenye kreti."

Roelof hakuwa na wa kumlaumu. Alikaa chini kwenye udongo uliotifuliwa, mzee wa miaka sabini na mmoja, akalia kwa sauti, na Geert akasimama pembeni asijue aweke wapi mikono.